Ripoti ya machapisho na nukuu: jinsi ya kuiandaa isirudishwe

Ukiwa mtafiti wa biolojia ya molekuli, siku moja utaambiwa ulete ushahidi wa machapisho yako na jinsi yanavyonukuliwa: kupanda cheo, kuomba ruzuku, au kuhamia taasisi nyingine. Fomu yenyewe haina shida. Kinachorudisha faili ni tarakimu. Langu lilirudi na neno moja la kalamu nyekundu, "Hazilingani", kwa kuwa fomu ilitaka h-indeksi (kipimo kinachounganisha wingi wa makala na nukuu zake) ya Google Scholar sehemu moja na ya Scopus, hifadhidata nyingine ya machapisho, sehemu nyingine, kisha karani akashangaa kuona namba mbili tofauti. Zote zilikuwa sahihi. Hakuna aliyekuwa na muda wa kulisikia hilo.

Anza na ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure na kuifungua ni dakika chache, kwa hiyo sitakaa hapo. Angalia tu alama ya mwisho kati ya zile 16: kwa baadhi ya watu ni herufi X, na ni halali kabisa. Kuna fomu za mtandaoni zinazokubali tarakimu pekee, na zikikukataa hazisemi kwa nini. Hapo mwandikie mhusika wa mfumo mapema, usingoje siku ya mwisho.

Sasa ingia Scopus, na hapa jipe nafasi, maana ndiyo hatua inayokula muda kuliko zote. Scopus humtengenezea kila mwandishi wasifu kwa kubahatisha kutokana na jina na taasisi. Kama uliwahi kuandika majina mawili, halafu matatu, halafu ukahama maabara, kuna uwezekano upo mara mbili. Hasara yake si ndogo. Chukua mtafiti mwenye makala saba zilizonukuliwa mara 48, 31, 19, 9, 7, 5 na 4. H-indeksi yake ni 5, kwa sababu makala tano zimefikisha angalau nukuu tano kila moja, na ya sita haikufikisha sita. Gawa makala hizo: wasifu mmoja upate 48, 19 na 7, mwingine upate 31, 9, 5 na 4. Wa kwanza unasoma 3, wa pili 4. Kamati itachapa ule ilioukuta kwanza. Na usijaribu kujumlisha upate 7, kwa kuwa h-indeksi haijumlishwi hivyo.

Dawa ni kuomba wasifu ziunganishwe kupitia sehemu ya maombi ya masahihisho ya mwandishi, humo humo Scopus. Kutazama wasifu ni bure hata bila taasisi yako kulipia. Ukishatuma ombi, subiri, tena subiri bila kutuma la pili juu ya la kwanza. Fanya hivi kabla hata hujaichukua fomu. Ukishaunganishwa, uhusishe wasifu huo na ORCID yako.

Google Scholar ina ugonjwa wa kinyume: inakupa hata visivyo vyako. Mtu mwenye jina kama lako akichapisha kuhusu udongo, makala yake inaweza kuhamia kwako, na mhakiki mmoja mkali akiiona, orodha nzima inatiliwa shaka. Zima kujiongeza kwa makala, ufute zisizo zako. Kisha tafuta rasimu ulizoweka bioRxiv, hazina ya mtandaoni ya makala za biolojia ambazo bado hazijahakikiwa. Kichwa cha makala kikibadilika baada ya uhakiki, rasimu na makala rasmi huenda vikabaki kama vitu viwili, na nukuu zikagawanyika. Vichague vyote viwili, uviunganishe.

Baada ya hapo chagua chanzo kimoja cha hesabu, na siku moja ya kuzichukua zote. Google Scholar kwa kawaida hutoa namba kubwa kwa kuwa inahesabu hata tasnifu na rasimu. Scopus na Web of Science, hifadhidata nyingine ya nukuu, huchuja zaidi. Juu ya kila jedwali andika chanzo na tarehe, hata kama fomu haikuuliza. Fomu ikilazimisha vyanzo viwili, ongeza sentensi moja chini ya jedwali ikieleza kwa nini vinatofautiana. Sentensi hiyo ingeniokoa.

Jumla ya nukuu peke yake haisemi mengi. Makala ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951 kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, kwa sababu tu kila maabara ilitumia njia ile. Makala za mapitio nazo hunukuliwa kuliko za majaribio, kwa hiyo zitenganishe. Ukitaka kipimo kinachozingatia uwanja, peleka namba za makala zako za PubMed (hifadhidata ya makala za tiba na biolojia) kwenye iCite, zana ya NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, nayo ni bure. Alama ya 1.0 pale ni kiwango cha kati cha makala zilizofadhiliwa na NIH.

Halafu nafasi ya jina. Katika fani yetu wa kwanza ndiye aliyeshinda kwenye benchi akifanya majaribio, wa mwisho ndiye mwenye maabara, na h-indeksi haiwatofautishi na mtu wa kumi na nne. Weka safu ya nafasi yako. Kama mlikuwa wawili wa kwanza kwa nyota ya "mchango sawa", ambatisha ukurasa wenye nyota hiyo, la sivyo utahesabiwa wa pili.

Kipimo cha athari cha jarida (impact factor) bado kinaulizwa, ingawa DORA, tamko kuhusu tathmini ya utafiti, lilishauri tangu 2012 kisitumike kumpima mtu. Jaza tu. Kichekesho ni fomu kudai desimali tatu wakati Clarivate, kampuni inayokitoa kipimo hicho, wenyewe walishuka hadi moja mwaka 2023.

Ukipeleka orodha kwenye Excel, ifanye safu ya kurasa kuwa maandishi kabla ya kubandika. Kurasa 3-12 zitageuka tarehe mbele ya macho yako. Hili tunalijua vizuri kuliko wengine: jeni SEPT2 iligeuzwa Septemba mara nyingi kiasi kwamba sasa inaitwa SEPTIN2.

Mwaka wa makala iliyotoka mtandaoni Desemba na kwenye toleo Januari, fuata ule wa toleo, na ufuate huo huo kwenye CV. Piga picha za skrini zenye tarehe, uziweke kwenye PDF moja, uwasilishe, udai namba ya risiti. Nukuu zitaongezeka ukiwa kwenye foleni, lakini usiombe kubadilisha faili, kwa sababu baadhi ya mifumo hukurudisha mwisho wa mstari.