Kuandaa Tangawizi kwa Ajili ya Kichefuchefu

Chagua tangawizi ngumu yenye ganda lisilokunjamana. Ioshe, kwangua ganda kwa ncha ya kijiko, kisha twanga kipande cha ukubwa wa kidole gumba na ukichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 10, moto ukiwa mdogo na sufuria ikiwa imefunikwa, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu huruka pamoja na mvuke. Chuja, unywe kidogo kidogo.

Wazee wa pwani huitumia kwa mafua, tumbo lililojaa gesi na kichefuchefu cha ujauzito. Matumizi haya ya mwisho ndiyo yaliyothibitishwa vizuri zaidi: tafiti nyingi ziliwapa wajawazito takribani gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, ikigawanywa mara kadhaa, na kichefuchefu kilipungua, ingawa matokeo kuhusu kutapika hayakuwa thabiti. Kwa mafua ushahidi ni hafifu, lakini kinywaji cha moto hutuliza koo, na hilo pekee linatosha kukiandaa.

Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na kemikali iitwayo jinjeroli, ambayo tangawizi ikikaushwa hugeuka kwa sehemu kuwa nyingine iitwayo shogaoli, iliyo kali zaidi. Kwa hiyo usipime unga kama unavyopima mbichi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, amwulize kwanza daktari wake. Mjamzito anayetapika hata maji asikae nyumbani akitegemea tangawizi, bali apelekwe kituo cha afya mara moja.