Kabla ya kununua geji ya ndege ya vita
Ukiuziwa altimita (geji inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani) ya Uingereza ya enzi za Vita Kuu ya Pili kwa madai kwamba ilitoka kwenye ndege ya kivita ya Spitfire, igeuze kwanza usome mgongoni: taji dogo juu ya herufi A.M. ni alama ya Wizara ya Anga, na namba inayoanza na 6A ni ya ghala. Namba hiyo hutambulisha aina ya kifaa, si ndege, kwani geji za aina moja zilifungwa pia kwenye ndege nyingine za kivita kama Hurricane na Lancaster. Bila kumbukumbu za maandishi, hayo ni maneno ya muuzaji tu. Kioo usikifungue kamwe, kwa sababu rangi ya kung'aa gizani mara nyingi ina radiamu, elementi yenye mionzi hatari, na hata ikififia mionzi inabaki: hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600.