Somo: Kuandaa maadhimisho ya mtaa Nairobi, kuanzia kikao cha kwanza hadi nakala yenye muhuri

Mitaa mingi ya mashariki mwa Nairobi imefikisha umri wa kuandaliwa sherehe. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ina vitukuu vya wapangaji wake wa kwanza, na mradi wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukiwa na viwanja vipatavyo 6,000, umeshavuka nusu karne. Kamati nyingi nilizoziona huanza kazi kwa kumtafuta mgeni rasmi, kisha tenti, kisha mchango, na mambo ya ofisini huachwa hadi wiki ya mwisho. Nimekuwa katibu wa wakazi wa mtaa wangu kwa miaka mingi, na ninashauri mpangilio huo upinduliwe: karatasi zitangulie, kwa sababu tenti hupatikana kwa siku mbili lakini ukumbi wa umma haupatikani hivyo.

Hatua ya kwanza: kikao na muhtasari wake

Itisheni mkutano wa wakazi wenye ajenda hiyo moja tu. Msiichanganye na mjadala wa maji au wa taa za barabarani, maana maji yatameza jioni yote. Azimio liandikwe kwa sentensi moja isiyo na mapambo: kwamba wakazi waliokutana siku fulani wameazimia kuadhimisha miaka hamsini ya mtaa, na kwamba wameichagua kamati ya watu fulani kwa kazi hiyo, ikaandikwa ni nani aliyependekeza na nani aliyeunga mkono. Mwenyekiti na katibu watie sahihi. Ukurasa huo mmoja ndio utakaoambatishwa kwenye kila barua itakayofuata, kwa kuwa swali la kwanza la afisa yeyote ni hili: “Nyinyi ni nani, na mmetumwa na nani?”

Ikiwa hamna chama kilichosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inawaruhusu watu wasiopungua kumi kusajili kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Cheti hicho ndicho kitakachowafungulia akaunti ya benki.

Hatua ya pili: mtaa ulizaliwa lini?

Hapa ndipo kamati hugawanyika, na si jambo la kudharau. Jiji lenyewe lina tarehe nne za kuzaliwa, na kila moja ni halali: mwaka 1899 reli ilifika kwenye kinamasi hiki, mwaka 1900 zikatangazwa kanuni za kwanza za mji, mwaka 1919 mji ukawa manispaa, na tarehe 30 Machi 1950 ukapewa hadhi ya jiji kwa hati ya kifalme. Anayetaka kuadhimisha umri wa Nairobi lazima aseme kwanza ni umri upi. Mtaa nao ni vivyo hivyo. Kuna mwaka wa kutiwa sahihi kwa mkataba wa ujenzi, kuna mwaka wa kugawa nyumba au viwanja, na kuna mwaka ambao familia ya kwanza ililala ndani, na miaka hiyo yaweza kupishana kwa miaka miwili au mitatu.

Chagueni tukio ambalo lina hati. Kumbukumbu za wazee ni tamu, na zirekodiwe, lakini mzee mmoja atakwambia walihamia wakati wa mvua kubwa na mwingine atasema ni kabla ya Mzee Kenyatta kufariki, na wote wawili wana haki. Tafuteni barua ya kugawiwa nyumba iliyohifadhiwa na familia fulani kwenye sanduku la bati. Mara nyingi ipo. Nendeni pia katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, au katika Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Tukio likishachaguliwa, liandikwe katika muhtasari wa kikao cha pili, ili mjadala usifufuke wakati mabango yameshachapishwa.

Hatua ya tatu: siku ya sherehe

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na mkiweza muepuke pia vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Epukeni Juni mosi, Oktoba 20 na Desemba 12, maana sikukuu hizo huwachukua polisi na maafisa wa utawala kwenye shughuli za taifa. Zaidi ya yote, epukeni miezi ya kampeni. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Sherehe ya mtaa itakayofanyika miezi michache kabla ya hapo haitakuwa tena ya mtaa.

Hatua ya nne: kujua mlango wa kubisha

Wengi hudhani serikali ni moja, na kwamba chifu akikubali mambo yamekwisha. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya taifa, pamoja na naibu kamishna wa kaunti aliye juu yao. Msimamizi wa wadi na msimamizi wa kaunti ndogo ni waajiriwa wa serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mwakilishi wadi naye, miongoni mwa 85 wanaochaguliwa Nairobi, hutunga sheria na kukagua matumizi katika bunge la kaunti. Yeye si msimamizi wa ukumbi wala wa uwanja, hata kama watu humpigia simu kwa kila jambo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hizo. Burudani za umma, bustani na kumbi za kijamii, zimamoto, uzoaji wa taka, udhibiti wa kelele na mabango ya nje ni kazi za kaunti. Usalama ni wa serikali ya taifa. Kwa hiyo ukumbi na uwanja mtaviomba kaunti, kupitia msimamizi wa wadi, na chifu mtampelekea taarifa ili awajue na aifikishe habari kwa Nyumba Kumi, yaani vikundi vya ulinzi wa ujirani. Mkipeleka barua ya ukumbi kwa chifu, ataipokea kwa heshima zote, na itakaa hapo.

Hatua ya tano: barua na muhuri

Barua iwe ya ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, idadi ya watu mnaowatarajia, na majina ya watu wawili wa kuwasiliana nao. Chapeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele ya macho yenu, nanyi mwondoke nayo.

Nasisitiza muhuri kwa sababu tuliwahi kuukosa. Katika sherehe yetu ya miaka arobaini, afisa mmoja, simtaji wala ofisi yake, alitwambia kwa mdomo kwamba ukumbi ni wetu, “msijali kabisa.” Jumamosi saa moja asubuhi tulifika na sufuria nne za pilau, tukakuta vijana wanafunga vitambaa vya zambarau kwenye viti: kulikuwa na harusi. Mama wa bwana harusi alitoa kwenye mkoba wake risiti ya kaunti na barua iliyogongwa muhuri, akaturuhusu tuisome, hata akatuonea huruma. Simu ya afisa haikupatikana. Sherehe yetu ikafanyika uani kwa shule jirani, saa nne baadaye, bila vipaza sauti. Yule mama hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na karatasi mbili tu.

Ada ya ukumbi au uwanja hutegemea Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika, kwa hiyo ulizeni kiwango cha mwaka huu na si cha mwaka jana. Lipeni kupitia mfumo wa malipo wa kaunti pekee, wala msimpe mtu pesa mkononi, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Hatua ya sita: polisi

Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika. Sheria ya Utulivu wa Umma nayo inamtaka mwandalizi wa mkutano wa hadhara au maandamano kumwarifu mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya tukio, akitaja mahali au njia itakayopitwa, na saa iliyo kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Zingatieni neno “kumwarifu.” Hamwombi ruhusa, mnatoa taarifa, na barua iandikwe hivyo. Hata pale ambapo mtu atasema sherehe ya kijamii haihitaji taarifa hiyo, ipelekeni tu. Haigharimu kitu, na askari watajua mliko ikiwa mtoto atapotea.

Hatua ya saba: sauti, muziki, chakula na taka

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika makazi kiwango cha nje hushuka kutoka desibeli 50 za mchana hadi 35. Kwa kawaida spika mbili za kukodisha hupita hapo kabla hata ya mshereheshaji kusema “mko tayari?”, kwa hiyo ombeni kibali cha sauti mapema na mfunge muziki jioni. Nyimbo zilizorekodiwa zikipigwa hadharani zinahitaji leseni ya hakimiliki. Ulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni chama kipi kimepewa idhini ya kukusanya ada mwaka huu. Wapishi wawe na vyeti vya afya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, basi msiitumie kugawa chakula.

Hatua ya nane: fedha

Michango iingie kwenye akaunti ya kikundi kwa nambari ya paybill, yaani nambari ya kikundi ya kupokea malipo ya simu, si kwenye simu ya mwekahazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Watia sahihi wawe watatu na wawili watoshe kutoa. Orodha ya waliochanga ibandikwe kila wiki mahali panapoonekana.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kayole: Ndugu katibu, tungependa kaunti ipake rangi ukumbi na kurekebisha choo kabla ya jubilei yetu. Tuombe lini?

Jibu: Mapema kuliko mnavyofikiri, ndugu yangu. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba mosi ya mwaka uliotangulia, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sherehe ikiwa Oktoba 2028, ombi lenu liwe limeingia kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma kabla ya Septemba 2027. Hata likipitishwa, pesa zitaanza kutumika Julai 2028, na zabuni huchukua miezi. Mimi ningesogeza sherehe hadi Januari au Februari 2029.

Mwanachama wa Umoja: Mwakilishi wadi wetu amejitolea kulipia tenti na viti. Wengine wanasema tukatae kwa sababu ni siasa.

Jibu: Dada, pokeeni, lakini aandike barua, na mchango wake usomwe katika orodha kama wa mtu mwingine yeyote. Kikao kiamue mapema kwamba hakuna bango lenye picha ya mwanasiasa, na kila kiongozi atazungumza kwa dakika tano. Mwelezeni hayo kabla ya kupokea tenti, maana baada ya hapo mtaona haya. Akisema ni pesa za umma, mwombeni awaonyeshe ziko wapi kwenye bajeti.

Mwanachama wa Pumwani: Je, ni lazima barua ya kaunti iandikwe kwa Kiingereza?

Jibu: La. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Nimepeleka barua za Kiswahili kwa miaka mingi. Karani mmoja aliwahi kunitazama kwa mshangao, kisha akagonga muhuri.

Mwanachama wa Dandora: Tunataka matembezi yenye bendi ya matarumbeta yatakayopita barabara kuu. Nani anafunga barabara?

Jibu: Kwanza jueni barabara ni ya nani. Zile za ndani ya mtaa ni za kaunti, na baadhi ya barabara kuu za jiji ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, yaani KURA. Mwenye barabara huandikiwa, na polisi wa trafiki ndio wanaosimamisha magari. Ushauri wangu ni matembezi yakae kwenye barabara za ndani. Mtakuwa na mlango mmoja wa kubisha badala ya miwili, na bibi zetu wataliona tarumbeta wakiwa vibarazani mwao.

Mwanachama wa Makadara: Mzee, shikamoo. Tunataka kuweka bamba la ukumbusho kwenye ukuta wa ukumbi, lenye majina ya familia kumi za kwanza. Familia ziko kumi na saba zinazodai nafasi hizo.

Jibu: Marahaba. Ukuta ni wa kaunti, kwa hiyo bamba linahitaji barua yake peke yake, na maneno yatakayochongwa yaambatishwe. Kuhusu majina, sitawaficha: sisi tulishindwa. Mwishowe tulichonga jina la mtaa, mwaka na nambari ya hati tuliyoitegemea, na majina yote yaliyodaiwa tukayaandika kwa wino katika daftari gumu linalokaa kabatini ukumbini, ambamo hata familia ya kumi na nane inaweza kuongeza mstari wake.