Bomba linagonga ukutani baada ya kubadilisha koki za bafuni?

Fundi ameondoka, bafu linapendeza, lakini kila ukifunga koki unasikia "ko!" ukutani. Usikimbilie kuvunja vigae. Koki nyingi za kisasa, zile za robo mzunguko, hukata maji ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni yanakosa pa kwenda na kishindo kinarudi kwenye bomba.

Jaribu kufunga taratibu. Mlio ukipotea, punguza kidogo valvu kuu (ile inayoingiza maji nyumbani), hasa kama maji yako yanasukumwa na pampu badala ya kushuka tu kutoka kwenye tangi la juu. Ukiendelea, shika bomba lililo wazi chini ya sinki huku mwenzako akifungua na kufunga. Likirukaruka, halikubanwa (mafundi wengi husahau klipu, sijui kwa nini). Libane, na linapopenya ukutani lizungushie kipande cha mpira. Mimi nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli, haikunigharimu kitu.

Mlio ukiwa wa kuvuma, tena choo kinapojaza maji, acha bomba: badilisha valvu ya boya (ile inayokata maji yakijaa) kwenye tangi la choo.