Pima malisho ya shamba lako kabla ya kuongeza ng'ombe

Kilo 28. Ndivyo mizani ya kuning'iniza ilivyosoma tulipouinua mzigo wa majani ambao mzee mwenye nyumba alikuwa ameukata alfajiri kwa ajili ya ng'ombe wake watatu. Jioni angeleta mwingine wa ukubwa ule ule. Aliitazama mizani, kisha akawatazama ng'ombe, mbavu zao zikihesabika, akasema: "Miaka yote hii nahesabu mizigo. Kilo sijawahi kuzihesabu."

Hesabu yenyewe ni fupi. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji malisho makavu, yaani yakihesabiwa bila maji yake, karibu asilimia 3 ya uzito wake kila siku, ambayo ni kilo 12. Majani mabichi ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo, yana maji karibu asilimia 80. Ili apate hizo kilo 12 kavu, inabidi ale kilo 60 mbichi. Mzee alikuwa analeta kilo 56 kwa siku, kwa hiyo chakula kisichomtosha hata mmoja kilikuwa kinagawanywa kwa watatu.

Tunazoea kusema ng'ombe wa maskini hazai. Hazai kwa sababu hashibi. Ng'ombe anayekonda baada ya kuzaa huchelewa kuingia kwenye joto, yaani kutaka dume, na badala ya kupata ndama kila baada ya miezi 12 au 13, hupita miaka miwili bila kuzaa. Mwenyewe hulaumu dume au mhimilishaji, yule anayempandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, kumbe tatizo liko horini.

Nitaieleza namna ya kupima, kwa sababu haihitaji kifaa cha gharama. Chukua vijiti vinne, weka alama ya mraba wa mita 1 kwa mita 1 katikati ya majani yaliyofikia kimo cha kukatwa, karibu mita 1. Usichague mahali palipostawi kuliko pengine. Kata, pima, kisha rudia sehemu nyingine nne na utafute wastani. Tuseme umepata kilo 3 kwa kila mita ya mraba. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000, kwa hiyo mkato mmoja unakupa tani 3. Ukipata mikato minne kwa mwaka, hizo ni tani 12. Ng'ombe mmoja anayekula kilo 60 kwa siku anamaliza karibu tani 22 kwa mwaka. Robo ekari iliyotunzwa vizuri, basi, inamlisha kwa zaidi kidogo ya nusu mwaka tu. Nusu iliyobaki lazima uijue itatoka wapi kabla hujamtoa mnyama sokoni, na wala usimhesabu yeye peke yake: ana ndama, ndama atakuwa mtamba, na mtamba anakula miaka miwili au zaidi kabla ya kukupa hata kikombe cha maziwa. Nyumba nyingi zinazosema zina ng'ombe mmoja zinalisha karibu wawili.

Wengi huziba pengo kwa mabua ya mahindi au mtama. Ni jambo zuri, maana shamba linalotoa kilo 800 za nafaka huacha mabua makavu ya uzito huo au zaidi. Lakini mnyama huchagua majani na ncha, akaacha shina. Protini ya mabua pia iko chini ya asilimia 7, kiwango ambacho vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakihitaji ili visage chakula vizuri. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kujaa tumbo na bado akakonda. Katakata mabua yawe mafupi, na yachanganywe na majani ya jamii ya mikunde.

Hapa ndipo mpaka wa shamba unapokuwa na kazi kubwa kuliko tunavyoipa. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa karibu mita 254. Miti ya kaliandra, ambayo ni ya malisho na ya jamii ya mikunde, ikipandwa mstari mmoja kwa nafasi ya nusu mita, mpaka huo unabeba miti 500, ambayo ikishakomaa inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku. Kwa maziwa, kilo 3 za majani hayo hufanya kazi inayokaribia ya kilo 1 ya chakula cha kununua. Hujachukua hata hatua moja ya sehemu ya mazao.

Lakini mpaka ni wa watu wawili. Nimeona uzio wa miti ya malisho ukifyekwa wote kwa siku moja kwa sababu ndugu wawili waliogawiwa shamba hawakuwa wamekubaliana mstari unapita wapi. Zungumza na jirani kwanza, mbele ya shahidi, panda ndani ya upande wako, na mwandike.

Anayelima shamba la kukodi ana hesabu nyingine. Samadi haitoi rutuba yake yote msimu mmoja. Sehemu hutoka mwaka wa kwanza, nyingine hubaki udongoni kwa miaka inayofuata. Ukibeba samadi kwa kichwa na toroli hadi shamba ulilokodi kwa msimu mmoja, mwenye shamba ndiye atakayevuna sehemu kubwa. Omba mkataba wa miaka mitatu au zaidi. Ukinyimwa, panda malisho ya muda mfupi kama mtama wa malisho, kunde au fiwi, na samadi uiweke kwenye kipande ambacho una hakika nacho. Samadi ni mali: ng'ombe wa kilo 400 hutoa kinyesi kibichi karibu kilo 20 kwa siku, zaidi ya tani 7 kwa mwaka, na mkojo usipokusanywa unapotea na karibu nusu ya naitrojeni. Weka matandiko ya majani makavu yaunyonye.

Tembea kutoka zizini kuelekea kipande cha mbali kabisa cha familia, utaona mazao yakifupika hatua kwa hatua. Udongo wa karibu na nyumba ni mweusi, wa mbali umechoka. Vipande vikitawanyika kwa kurithishana, panda majani mazito ya kukatwa karibu na banda, na toka kipande cha mbali ulete vitu vikavu na vyepesi.

Asiye na ardhi ya kutosha asilazimishe ng'ombe. Kwa ulaji, ng'ombe mmoja mkubwa ni sawa na mbuzi saba au wanane. Faida ya mbuzi ni kwamba unaweza kuanza na wawili, ukaongeza kadiri malisho yanavyoruhusu, na ada ya shule ikifika unauza mmoja bila kubomoa mradi wote. Mimba yake ni siku 150 tu, ya ng'ombe ni karibu 283. Kaya zinazotegemea malisho ya pamoja peke yake nazishauri ziwe na uangalifu zaidi. Malisho hayo yakigawanywa au kufungwa, mwenye shamba lake hupunguza mifugo, lakini asiye nalo hupoteza kundi zima.

Nirudi kwa mzee na ng'ombe wake watatu. Tulipokubaliana kwamba lazima wapungue, alimwonyesha kidole yule mwekundu. Mkewe, aliyekuwa anaosha chombo cha maziwa, akainua kichwa. "Huyo ni wangu, baba. Nilimnunua kwa kuku zangu." Mzee hakubisha, lakini ilionekana wazi kwamba lilikuwa limemtoka kichwani. Wa pili, tukagundua, ni wa rafiki yake, wamefuga kwa ubia bila karatasi, na hakuna aliyekumbuka kama ndama wa pili angekuwa wa nani. Wa tatu tu ndiye aliyekuwa wake hasa, ng'ombe mzee aliyekauka muda mrefu.

Katika nyumba nyingi ardhi iko kwa jina la mwanamume, na mnyama wa mwanamke anasimama juu ya ardhi hiyo, anakula majani anayoyakata mwanamke huyo, lakini siku ya kuuza mwanamke haulizwi. Naliona kuwa kosa kubwa la ufugaji, kwa sababu anayejua mnyama atauzwa bila yeye hatakuwa na moyo wa kuamka alfajiri kumlisha. Liwepo daftari: jina au alama ya mnyama, tarehe aliyoingia, ni wa nani, amezaa lini, maziwa yanakwenda kwa nani. Kwa mnyama wa ubia, ongeza nani analipa dawa, ndama wa kwanza na wa pili ni wa nani, na mnyama akifa hasara inagawanywaje. Mwenye mnyama na mfugaji watie sahihi, kila mmoja akae na nakala.

Wiki iliyofuata yule aliyekauka aliuzwa. Wa rafiki alirudishwa kwao baada ya mazungumzo ya jioni nzima, na mwekundu wa mama akabaki peke yake horini na mizigo yote miwili. Sehemu ya fedha ilinunua miche ya kaliandra ya mpaka wa juu, baada ya mzee kukaa na ndugu yake wa upande wa pili. Mizani waliitundika mlangoni mwa banda, na mama ndiye anayeandika kilo asubuhi na jioni.