Sheria ndogo ya moto: namna ya kuitunga na kuisimamia kijijini

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja wilayani Kondoa. Amri za kutoka juu tunazijua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka. Majani yalirudi, lakini wenye ng'ombe waliondoka na uchungu. Vijiji vya Mgori, Singida, na Duru-Haitemba, Babati, vilipita njia nyingine miaka ya 1990: wenyewe walipanga kanuni za misitu yao, wenyewe wakalinda. Njia hiyo ndiyo ninayoiamini.

Kabla hamjaandika chochote, ulizeni nani anawasha moto na kwa nini. Mfugaji anataka majani mabichi. Mkulima anasafisha shamba. Mrina asali anapanda na mwenge. Mchoma mkaa ameacha tanuri bila mlinzi. Kila mmoja mwekeeni sharti lake: mkulima alime ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba, awaarifu majirani na mwenyekiti wa kitongoji, achome upepo ukiwa umetulia, mrina asali atumie bomba la moshi badala ya mwenge.

Halmashauri ya kijiji ndiyo inayotunga, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, kisha rasimu inapelekwa halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Kabla ya idhini hiyo msimtoze mtu faini.

Andikeni pia wajibu wa kuitikia ukunga, yaani yowe la kuomba msaada. Wazee wetu hawakuhitaji karatasi kwa hilo. Ukunga ukipigwa, kila nyumba inatoa mtu. Aje na jembe, panga na matawi mabichi. Watoto wabaki nyumbani. Mmoja asizime moto, kazi yake iwe kuangalia upepo tu na kuwaonya wenzake.

Sasa mtu akikamatwa. Hapa ndipo vijiji vingi vinaharibu. Asipigwe, wala mbuzi wake asikamatwe. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, lakini ibara ya 13 inampa mtuhumiwa haki ya kusikilizwa, na hatuwezi kuishika moja tukaiacha nyingine. Mwiteni kwa barua, aje na mzee wake, aeleze kwa lugha anayoiweza, iwe Kirangi, Kigogo au Kibarabaig. Nendeni naye mpaka pale moto ulipoanzia. Mjumbe mwenye undugu naye akae pembeni. Nimeona sheria nzuri ikifa kwa sababu mtoto wa mkubwa aliachwa.

Akikutwa na kosa, faini ilipwe kwa stakabadhi. Mwenye mizinga iliyoungua apewe fidia yake mbali na faini, na mkosaji amwombe radhi mbele ya wazee. Wengine huona hilo la radhi ni dogo. Mimi naliona kubwa kuliko fedha, kwa maana mwaka kesho watu hawa wawili watazima moto pamoja. Akikataa kulipa, mtendaji wa kijiji ampeleke Mahakama ya Mwanzo.

Mapato ya faini na matumizi yake yasomwe kila mkutano mkuu. Njia za moto, yaani kanda zilizosafishwa majani ili moto usivuke, zilimwe Mei au Juni, majani yanapoanza kukauka. Mkisubiri Septemba, upepo utakuwa mkali na cheche zitazivuka.