Jinsi ya kupeleka mswada wako kijiweni

Wengi wanaoniuliza "nianzeje kuandika" wameshaanza kitambo, mswada umelala kwenye simu mwaka wa tatu huu na aliyeusoma ni mchumba tu, akasema "nzuri". Hiyo nzuri haikusaidii kitu, tafuta kijiwe cha waandishi, watu wanaokaa pamoja kuchambua kazi zao.

Dar kuna Soma Book Café pale Mikocheni. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa 1996, wao wanajulikana kwa klabu yao ya Jumatatu, mtu anakuja na kazi yake inachambuliwa mbele yake. Kama uko Kahama au Mpanda, watu watatu na benchi vinatosha, ila wasiwe ndugu zako.

Sasa usibebe mswada wote jamani. Kurasa mbili, katoe kopi stesheneri kila mtu apate yake, halafu mpe mwingine asome kwa sauti, usisome wewe maana wewe unajua pa kupumua na utaficha makosa yako mwenyewe. Pale anapojikwaa weka alama. Akijikwaa mara mbili sehemu moja ujue sentensi ndo mbovu, macho yake hayana shida. Na kama ni shairi la kimapokeo, mizani 8 kwa 8, yaani silabi nane kila kipande cha mstari, jihesabie kabisa nyumbani, maana hapakosi mzee mmoja anayehesabu kwa vidole huku anakuangalia tu.

Wakianza kusema, nyamaza. Hapa ndo pagumu, mi mwenyewe siku ya kwanza nilibishana karibu saa nzima kumtetea bibi mmoja kwenye hadithi yangu, eti "hamjamuelewa", nikarudi nyumbani nimenuna, wiki ya pili nikamfuta na hadithi ikatembea. Andika wanachosema bila kujibu. Malalamiko yachukue, dawa wanazokupa waachie, kwa sababu msomaji anajua wapi amechoka ila hajui hadithi inaenda wapi.

Ukisharekebisha mara mbili tatu ndo ufikirie tuzo, kama Safal ya Kiswahili au ile ya Mwalimu Nyerere, na usome masharti yao yote kabla hujatuma, urefu wanaoutaka hasa.

Halafu ukienda kijiwe chenye mgahawa nunua basi hata chai, usikae masaa manne na chupa ya maji uliyotoka nayo kwako, mwenye nyumba naye ana bili ya umeme.